Kigingi cha Mia Mbili na Kumi na Nne

Alhamisi asubuhi Mama Cherehani alikuwa kwenye kola ya thelathini na moja, kati ya kola arobaini za sare za shule, mwanawe alipoingia na karatasi mkononi. Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya jambo jema na sasa anangoja kushukuriwa.

"Mama, nimemaliza kila kitu," akasema, akaketi kwenye kiti cha wateja. "Kibali hiki hapa. Kesho saa mbili wanamtoa baba, saa nne tunamzika upya kule kwenye makaburi mapya. Wewe utakuja kwenye kuzika tu. Kwenye kufukua huna haja ya kwenda kujiumiza roho."

Mama Cherehani hakuinua macho. Alikanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akaipokea karatasi. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, mwisho akakubali yaishe na kuvaa miwani.

"Mia mbili na kumi na nne," akasoma.

"Ndiyo."

"Umekwenda ukaliona?"

"Karani kanionyesha mwenyewe. Kigingi kipya, namba imepakwa rangi nyeupe. Na kwenye daftari ni hivyo hivyo: mia mbili na kumi na nne, jina la baba, tarehe, kila kitu."

Mama Cherehani aliikunja karatasi mara mbili, akairudisha. "Hicho kigingi kiko juu ya mtoto wa watu," akasema. "Baba yako yuko kaburi linalofuata."

Barua ya ofisi ya mji ilikuwa imebandikwa kando ya kioo kwa wiki tatu, na Mama Cherehani alikuwa ameisoma mpaka ikamkaa kichwani. Barabara inapanuliwa. Upande wa mashariki wa makaburi unaondolewa. Kila familia ije ihamishe mtu wake kabla ya Jumamosi. Wasiodaiwa na yeyote watakusanywa na kuwekwa kwenye shimo la pamoja, kisha tingatinga lianze kazi. Familia moja kibali kimoja, kibali kimoja kaburi moja. Ukikosea, unaomba upya, na maombi mapya ni wiki mbili. Tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa nje ya ukuta tangu Jumatatu, na halikuwa na sura ya kumngoja mtu wiki mbili.

Kwa hiyo kama Mama Cherehani alikuwa sahihi, kesho yake wangefukua mtoto asiyewahusu, na mumewe, fundi bomba aliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na saba, angemwagwa shimoni na watu wasiojulikana.

Mwanawe alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya shati. Mtaani walimwita Daktari tangu aliporudi na shahada yake ya mwisho, ingawa alichosomea ni historia ya maandiko. Jirani mmoja aliwahi kumletea mtoto anayeumwa sikio, akaondoka amenuna, akisema haijui faida ya daktari wa namna hiyo. Daktari alikuwa mtu mpole. Hata alipotaka kumwambia mtu amekosea, alitafuta kwanza maneno laini, na sasa alikuwa anayatafuta.

"Mama, ile siku ulikuwa na majonzi," akaanza. "Na ni miaka kumi na moja sasa. Mtu akiwa kwenye hali ile, macho yanaona hiki, kumbukumbu inahifadhi kile. Si kosa lako. Ni binadamu."

"Hayo nimeshayasoma," akasema Mama Cherehani.

Daktari alijua mama yake ameyasoma wapi.

Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa kitabu, na nakala ya kwanza alimletea mama yake, imeandikwa ndani kwa mkono wake: kwa mama, aliyenifundisha kusoma. Mama Cherehani alikisoma kwa miezi miwili, kalamu ya risasi mkononi. Sura ya nne ndiyo iliyomkaba. Humo mwanawe alieleza, bila ubaya wowote, kwamba huenda wale wanawake wa kwenye Injili waliokwenda kaburini alfajiri, macho yamejaa machozi, walifika kwenye kaburi ambalo silo. Wakalikuta tupu, wakakimbia na habari. Mengine yaliyobaki yalifanywa na huzuni na mapenzi ya watu kwa mtu wao. Kufufuka, aliandika, ni lugha ya matumaini.

Kitu ambacho Daktari hakukijua ni kwamba mzee wa kanisa alikipata kitabu hicho, akausoma ukurasa huohuo mbele ya kikundi cha akina mama. "Jamani," alisema, "kumbe Maria alipotea njia!" Akina mama wakacheka, viganja mdomoni, wakimtazama Mama Cherehani kwa pembe za macho. Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa kanisa alimwambia apumzike kidogo kusoma neno kanisani, wapate nafasi na wengine. Alikuwa amesoma miaka kumi na tisa. Alikubali, akarudi nyumbani, akashona. Kwa mwanawe hakufungua mdomo.

Leo aliufungua. "Sasa mimi ndiye wale wanawake wako," akasema.

"Mama, sikukuandika wewe."

"Uliandika wanawake waliofiwa. Mimi nilifanya nini, niliolewa?"

Daktari alitaka kucheka, akajizuia. Akainama mbele, viwiko magotini. "Haya, tuseme wewe uko sahihi. Tuseme daftari limekosea. Acha nikuulize jambo moja, kwa heshima. Wewe unaamini Mungu atamfufua baba, mwili na kila kitu."

"Kila Jumapili nasema hivyo kwa sauti. Ufufuo wa mwili. Hatusemi ufufuo wa lugha."

"Sawa. Basi si anaweza kumfufua hata chini ya lami? Hata shimoni, amechanganyika na wenzake mia? Kwa nini tuhangaike na kigingi?"

Lilikuwa swali zuri, na Mama Cherehani alilipa heshima yake. Aliiweka kola chini.

"Anaweza," akasema. "Na mimi naweza kumtoa. Yake atafanya yeye, yangu nitafanya mimi. Nguo ya mtu huitupi jalalani kwa sababu yuko fundi anayeweza kuishona upya."

"Lakini si ni mifupa tu sasa, Mama. Baba mwenyewe tunaye hapa," akajigusa kifuani, "kwenye kumbukumbu."

"Mimi sikuolewa na kumbukumbu. Niliolewa na mtu anayekoroma, miguu mipana, mikono inanuka kutu ya mabomba hata aoge mara ngapi. Kumbukumbu haikuniletea maji ya kunywa nilipokuwa na homa. Mungu akiniletea moshi mtamu unaopita hewani, akaniambia huyu ndiye mumeo, nitamuuliza mwingine yuko wapi." Akasimama, akachukua mkoba uliokuwa umening'inia nyuma ya mlango. "Ofisi ya makaburi inafunga saa nane. Twende."

*

Karani wa makaburi alikuwa mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, na kwa wiki tatu alikuwa amepigiwa kelele na watu wa kila aina. Alipowaona wanaingia, yule bwana wa asubuhi na sasa na mwanamke, alishusha pumzi kabla hawajasema neno.

Alilifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari. "Mia mbili na kumi na nne. Soma mwenyewe, mama. Jina la marehemu hilo."

"Daftari sina ugomvi nalo," akasema Mama Cherehani. "Daftari liko sawa. Vigingi ndivyo vimekosea. Nani kavipiga?"

"Vijana wa kibarua, mwezi uliopita. Vya zamani vilioza."

"Walihesabu vipi?"

"Tuta moja baada ya jingine, kutoka njiani. Kazi ya kuhesabu haina maajabu."

"Ndiyo hapo. Walimhesabu na mtoto."

Karani akamtazama Daktari, kama watu wanaotazamana juu ya kichwa cha mtu mzima aliyeanza kusahau. Daktari hakulipokea jicho lile, lakini hakulikataa pia, alitazama sakafu. Mama Cherehani aliyaona yote mawili.

Wakaenda mpaka mahali penyewe. Safu ilikuwa imelala, mvua za miaka kumi na moja zimesawazisha matuta, misalaba ya chuma iliibiwa zamani na wauza vyuma chakavu. Palibaki migongo ya udongo isiyo na tofauti kubwa, na vigingi vyeupe vilivyosimama kwa unyoofu. Mama Cherehani alisimama kwenye kigingi cha mia mbili na kumi na tano, akavua viatu. Hapo ndipo alipozoea kusimama kila mwezi, mpaka magoti yalipomkatalia kuja.

"Mtoto alizikwa Alhamisi," akasema. "Sisi tulikuja Jumamosi. Udongo wake ulikuwa bado mbichi. Mama yake alikuwa ameketi hapa, peke yake, na mfuko wa nailoni mapajani. Watu wetu walipofika na jeneza, wengi, akainuka kutupisha. Wabebaji wakasogea huku kutafuta nafasi ya kukanyaga, wakawa wanamkanyaga mtoto wake, naye hasemi kitu, anatazama viatu vyao. Mimi nikaacha kulia nikasema, jamani, msimkanyage mtoto. Wakasogea. Kisha nikaendelea kulia."

Karani alitazama viatu vyake, akarudi nyuma hatua moja.

"Watoto wana daftari lao," akasema, kwa sauti ya chini kidogo. "Hawaingii kwenye namba hizi."

"Basi lifungue."

"Paa lilivuja mwaka juzi. Kilichobaki ni jalada." Akakohoa. "Kwa hiyo hapa ni maneno yako, mama, na daftari. Nisamehe kusema hivi, lakini daftari halilii."

"Wala halikuja mazishini," akasema Mama Cherehani.

Karani alijibu kwamba yeye si mtu mbaya. Mwenye kibali akitaka kubadilisha namba, atabadilisha, kalamu ipo. Mia mbili na kumi na tano hakuna aliyeidai. Ila abadilishe kabla ya saa nane, na akibadilisha asije kesho kumlilia kwamba walifukua silo, kwa maana la pili halitafukuliwa. Akarudi ofisini, akawaacha.

Mama na mwana waliketi kwenye ukingo wa sementi wa kaburi la mtu ambaye familia yake ilikuwa na uwezo. Upande wa pili wa ukuta dereva wa tingatinga alikuwa anasikiliza mpira redioni.

"Nitabadilisha," Daktari akasema. "Wewe ni mama yangu. Ukiniambia nibadilishe, nitabadilisha."

"Hapana."

"Hapana nini tena?"

"Usibadilishe kwa sababu mimi ni mama yako. Mama yako amewahi kukosea. Alikuambia yule bwana wa benki ni mchumba mzuri kwa dada yako, ukaona yaliyotokea." Alikuwa anazungumza taratibu, akijifunga viatu. "Ukibadilisha kwa huruma, kesho tukimkuta utasema bahati. Badilisha kwa sababu mimi nilikuwepo na wewe hukuwepo."

Lilimwingia. Mama Cherehani aliona lilivyomwingia, na moyo ukamuuma, kwa sababu hakutaka kumchoma. Lakini ndiyo ilikuwa kweli yenyewe. Siku baba yake anazikwa, Daktari alikuwa ng'ambo, ana mtihani wa shahada. Alipiga simu mara mbili, zote zikakatika. Aliporudi miezi minane baadaye alipelekwa hapa, akasimama dakika tano mikono nyuma, akaomba waondoke. Tangu hapo halikuzungumzwa tena.

"Mimi kazi yangu ni hiyo, Mama," Daktari akasema. "Mtu akija na habari, namuuliza, ulijuaje? Ulikuwa wapi? Kuna mwingine aliyeona? Siwezi kuzima kichwa changu."

"Nani kakuambia uzime? Niulize."

Akamuuliza. Alimuuliza kama anavyowauliza wanafunzi wake: jua lilikuwa upande gani, jeneza liliingia kwa kichwa au kwa miguu, yule mwanamke alivaa nini, wabebaji walisogea kushoto au kulia. Mama Cherehani alijibu anayoyajua. Asiyoyajua alisema hayajui. Nguo ya yule mwanamke hakuikumbuka, na kwa fundi wa nguo hilo lilimuudhi, lakini hakutia chumvi. Uso aliukumbuka. Mfuko aliukumbuka, ulikuwa na viatu vidogo ndani.

"Sijui," Daktari akasema mwisho. "Kwa kweli bado sijui."

"Sijakuomba ujue. Ungejua ungehitaji nini kwangu? Nakuomba umwamini mtu aliyekuwepo."

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Daktari aliinuka, akapangusa suruali, akaenda ofisini. Mama Cherehani hakumfuata. Kupitia dirishani alimwona akiinama juu ya meza, akikata namba moja kwa mstari na kuandika nyingine juu yake, kisha akitia saini pembeni.

*

Ijumaa saa mbili wachimbaji watatu walikuwa tayari, na turubai limezungushwa kwenye miti minne. Mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye sauti nzito, alimwendea Mama Cherehani kwa adabu.

"Mama, akina mama huwa wanangoja kule getini. Tukimaliza tutakuita."

"Akina mama gani?"

"Wote."

"Mimi nimemvalisha huyu mtu mara ya mwisho. Utanificha nini?"

Mchimbaji akamletea ndoo iliyopinduliwa ya kukalia.

Karani naye alikuja, amebeba daftari jingine, jipya. Usiku hakulala vizuri, alisema, kwa sababu namba iliyokatwa inamletea maswali mtu kazini. Kwa hiyo alitaka kitu cha kumlinda. "Kabla hawajafika chini, mama, niambie kuna nini humo. Niandike sasa, wasije wakasema uliona kwanza ukasema baadaye."

Daktari aligeuka akamtazama karani kwa heshima ambayo hakuwa nayo jana. Lilikuwa ndilo swali ambalo yeye mwenyewe angelitaka.

"Koti la kijivu," akasema Mama Cherehani. "Nilishona mwenyewe, jioni kabla ya kuzika. Kitambaa si pamba, kwa hiyo kitakuwepo. Vifungo vyeusi vya plastiki, vitatu mbele, vitatu kila mkono." Akasita. Aliona haya, na haya zenyewe zilionekana. "Na kimoja ndani. Kwenye bitana, chini ya mfuko wa ndani, upande wa kushoto."

Karani akainua kalamu. "Ndani? Cha kazi gani?"

"Cha akiba."

Mchimbaji mmoja kijana akacheka, akajifanya anakohoa. Hata Daktari alimtazama mama yake.

"Ndiyo hivyo tu," akasema Mama Cherehani. "Kila koti ninalotoa lina kifungo cha akiba ndani. Hata wale waliokuja kumwandaa walinicheka. Wakasema, we mama, kikikatika nani atamshonea huko? Nikawaambia ni mazoea, mkono umezoea. Lakini nilikuwa nasema uongo. Mkono haukuzoea. Nilikaa nikafikiri, nikaona nikimzika na koti lisilo na kifungo cha akiba nitakuwa nimekubali kwamba halivai tena." Akakunja mikono mapajani. "Najua Mungu hana haja ya koti langu. Andika."

Karani akaandika. Kijana aliyecheka alirudi shimoni, akachimba bila kuinua kichwa.

Mnamo saa tatu sauti ya koleo ilibadilika, wakaacha koleo wakatumia mikono. Mbao zilikuwa zimekwisha kuwa udongo. Mkubwa wa wachimbaji alishuka mwenyewe, akafanya kazi kwa taratibu, na kila alichokigusa alikiombea radhi kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita kati ya watu waliolala. Kisha akasema, "Karani, njoo uone."

Kilikuwa kitambaa kilichogeuka rangi ya udongo, lakini koti ni koti. Vifungo vitatu vilikuwa vimelala kwa mstari, vyeusi, vinang'aa mtu alipovifuta kwa kidole. Mchimbaji aliufunua upande wa kushoto. Chini ya mfuko wa ndani, kimeshikwa kwa uzi wa nailoni uliozungushwa mara nyingi kuliko inavyohitajika, kulikuwa na kifungo kimoja.

Karani alilitazama daftari lake, akatazama kifungo, akatazama daftari. Kisha akalifunga.

Mama Cherehani aliinuka kwenye ndoo, akaja mpaka ukingoni. Alilia, si sana. Alilia kama mtu aliyekutana na mwenzake baada ya safari ndefu na bado hajui aanze kusema nini. "Hujambo, baba watoto," akasema.

Daktari alikuwa amepiga magoti kwenye udongo uliochimbuliwa, na suruali yake nzuri ya chuo. Alinyoosha mkono, akakishika kile kifungo kwa vidole viwili bila kukivuta. Hakuwahi kumgusa baba yake tangu alipoagana naye uwanja wa ndege.

"Nilikosea," akasema.

"Ulikosea kuhusu kigingi," akasema mama yake, akijifuta pua. "Usizidishe. Mimi nimekuonyesha kwamba mwanamke aliyefiwa hasahau alipomlaza mtu wake. Hilo peke yake halimtoi mtu kaburini."

"Hapana. Halimtoi."

"Najua. Sijawa mjinga kwa sababu naamini. Una sababu nyingine za kutoamini, nimezisoma, sura ya tano mpaka ya tisa. Baki nazo tutabishana mpaka nife, na nikiamka tutaendelea. Lakini hiyo ya kwamba walipotea, niachie. Hiyo iondoe."

Daktari alikubali kwa kichwa. Akasema kwa sauti ambayo mama yake alilazimika kuinama kuisikia, "Nilipoandika ile sura, sikufikiri kwamba walikuwa watu. Nilifikiri ni maneno kwenye karatasi."

*

Walipomweka fundi bomba kwenye sanduku la mbao, na sanduku kwenye gari dogo, mkubwa wa wachimbaji alianza kufungua turubai. Mama Cherehani alibaki amesimama kwenye kigingi cha mia mbili na kumi na nne.

"Na huyu?" akauliza.

"Huyu hajadaiwa," akasema karani. "Wenye kibali cha mia mbili na kumi na nne mlikuwa nyinyi, na mmeshahama. Kesho ataingia na wenzake."

"Mama yake aliacha kuja miaka mingi. Labda alihama. Labda naye amekufa."

"Labda, mama. Wako mia moja na sitini kama yeye."

Mama Cherehani hakuwa na kibali, wala hakuwa na jina la mtoto. Aliinama akaondoa majani makavu juu ya lile tuta, kazi isiyo na maana yoyote kwa mahali patakapopitiwa na tingatinga kesho, akageuka kuelekea kwenye gari.

Daktari hakuwa kwenye gari. Alikuwa ameshamfuata karani ofisini, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo mama yake aliyasikia yote.

"Nataka fomu nyingine."

"Ya nani?"

"Mtoto. Wa pale."

"Bwana, hakuna mtoto. Kwa maana ya karatasi, hakuna. Nitaandika nini? Ushahidi uko wapi?"

"Mama yangu alikuwepo."

Droo ikavutwa. Karani, ambaye angeweza kusema wiki mbili, na alikuwa na haki ya kusema wiki mbili, aliitoa fomu, akaipiga muhuri kabla haijajazwa, akaanza kuuliza mwenyewe, haraka haraka, kama anayeogopa kubadili mawazo.

"Jina la marehemu?"

"Halijulikani."

"Umri?"

"Viatu vyake vilienea kwenye mfuko mdogo. Andika chini ya miaka mitatu."

"Uhusiano wako na marehemu?"

Daktari alifikiri. Aliyezoea kuandika kurasa mia tatu alisimama mbele ya nafasi ya neno moja, akalitafuta.

"Jirani," akasema. "Amelala kando ya baba miaka kumi na moja."

Sanduku la ukubwa ule wachimbaji hawakuwa nalo. Kijana aliyecheka alikwenda mwenyewe kwa seremala wa barabarani, akarudi na kasha jipya linalonukia mbao, akakataa kusema kalipata kwa masharti gani. Kwenye tuta lile walichimba kwa mikono tangu mwanzo. Mama Cherehani alitandika ndani ya kasha kola mbili nyeupe alizokuwa nazo mkobani, akasema mwenye shule atangoja.

Saa sita walikuwa wamemaliza makaburi mawili kwenye ardhi mpya, moja refu na moja fupi, yamekaribiana. Mchungaji alifika, akasoma maneno yake, na pale penye ufufuo Mama Cherehani alisema amina kwa sauti iliyomfanya dereva ageuke. Daktari hakusema amina. Alishika koleo akafukia, la kwanza na la pili, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Watu walipoondoka, alikwenda akaketi chini kando ya mama yake, kwenye nyasi. Alitazama viganja vyake. Mama Cherehani alimwacha. Alifikiri mwanawe anatafuta jibu la sura ya tano.

"Mama," Daktari akasema.

"Naam."

"Niambie siku ile ilivyokuwa. Alivyozikwa baba. Nani alikuja, nani alilia, nani alisema nini." Akamsogelea. "Yote. Tangu asubuhi."

Miaka kumi na moja hakuwahi kuuliza. Mama Cherehani alivua viatu, akanyoosha miguu kwenye nyasi, kwa sababu habari yenyewe ilikuwa ndefu.

"Asubuhi ile," akasema, "mvua ilikuwa imekatika tu, na mimi niliamka nikamwandalia baba yako chai."